Nikitoa yote ninayotilia shaka, bado ni Mkristo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimezaliwa Masasi, familia ya Kianglikana, nimebatizwa na kupata kipaimara, na babu yangu alikuwa mwalimu wa dini. Sasa nafanya kazi Mtwara mjini. Baba alipopata saratani nilijiunga na kanisa moja la maombezi hapa mjini. Tukaambiwa tukiamini bila shaka atapona. Nilipanda mbegu ya laki tatu, nikaweka nadhiri ya laki mbili nyingine, tukanunua na mafuta ya upako. Baba alifariki mwezi wa nne, na mama bado anadaiwa hospitali. Kule nikaambiwa imani yetu ilikuwa ndogo, tena mimi sijaokoka kwa kuwa sijanena kwa lugha. Tangu hapo nahoji kila kitu: siku sita za uumbaji, Nuhu, jando la mpwa wangu ambalo kule wanaliita la kishetani, hata ufufuko. Majirani ninaopanga nao ni Waislamu, watu wema kuliko wengi niliosali nao, wakiniuliza habari za Utatu sina jibu. Najiona kama mtu anayebangua korosho, naogopa nitafika ndani nikute hamna kitu. Ni nini hasa lazima niamini? Na je, niendelee kupokea Komunyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kufiwa na baba.

Umeuliza mengi kwa pamoja, na sitafuata mpangilio wako. Naanza na baba, maana nikisoma ulichoandika naona shaka zako hazikutoka kwenye kitabu cha biolojia. Zilianzia wodini.

Uliambiwa hakupona kwa sababu imani yenu ilikuwa ndogo. Hilo si fundisho la Kikristo, na Biblia yenyewe inalikataa. Fungua waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 20, pale kwenye salamu za mwisho ambapo wahubiri wengi hupita mbio: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Huyu anayesema hivyo ni Paulo, yule yule ambaye Matendo ya Mitume, sura ya 19, inasimulia kwamba leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Mtume wa leso anamwacha mwenzake kitandani katika mji wa bandari na kuendelea na safari. Hasemi kwamba Trofimo alikosa imani, wala hampi sharti la kutoa chochote. Timotheo naye alikuwa na tumbo lililomsumbua mara kwa mara, na ushauri aliopewa ni kutumia mvinyo kidogo. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba utoke mwilini mwake, haukutoka. Na Yesu, usiku ule wa Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke, akakinywa. Kama kuomba na kutopata ndiyo dalili ya imani ndogo, sijui tumweke wapi yeye.

Nisemehe niongeze moja, kwa kuwa wewe ni mtu wa kusini. Sisi huku tungepaswa kuwa wagumu kuuziwa maji na mafuta. Mwaka 1905, kwenye vilima vya Umatumbi kule Kilwa, watu waligawiwa maji ya dawa ya mganga Kinjikitile kwa ahadi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Yalikuwa na miiko yake, kwa hiyo aliyepigwa risasi akahesabiwa kuwa amevunja mwiko. Nawaheshimu wazee wale, walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa viboko. Lakini uangalie jinsi hesabu ile ilivyopangwa: dawa ikifanya kazi sifa ni ya dawa, isipofanya lawama ni ya maiti. Hesabu hiyo hiyo ndiyo uliyopigiwa msibani.

Basi hilo liweke pembeni. Ulichokipoteza hapo si imani ya Kikristo. Ni biashara iliyovaa joho lake, na kuitilia shaka ni akili timamu.

Sasa swali lako kubwa, kipi ni cha lazima. Unaliuliza kwa hofu, kana kwamba kuuliza tu ni kuasi. Mkutano mkubwa wa kwanza wa Kanisa, pale Yerusalemu, karibu mwaka 49, uliitishwa kwa sababu ya swali hilo hilo. Na kilichobishaniwa ni kitu ambacho mtu wa Masasi anakijua vizuri: tohara. Kulikuwa na watu waliotoka Uyahudi wakiwafundisha waumini wapya wasio Wayahudi, "Msipotahiriwa kama desturi ya Musa, hamwezi kuokoka." Hawakuwa wazushi wa mtaani. Walikuwa na andiko mkononi, Mwanzo 17, ambapo tohara ni amri ya Mungu kwa Ibrahimu na uzao wake. Mitume na wazee wakahojiana sana, Petro akauliza kwa nini wawatwishe watu nira, na mwisho ikatoka barua kwamba watu wa mataifa wasiwekewe mzigo zaidi ya machache yaliyoonekana ya lazima wakati ule. Tohara haikuwemo.

Pima uzito wa jambo hilo. Kitu kilichoagizwa waziwazi katika Maandiko kiliondolewa kwenye masharti ya wokovu. Halafu leo mtu anakuja kukuwekea sharti la kunena kwa lugha, wakati Paulo katika 1 Wakorintho 12 anauliza, "Wote wanena kwa lugha?", na kwa jinsi alivyouliza jibu analolitarajia ni hapana. Karama hiyo ipo, sina ugomvi nayo. Kuigeuza kuwa tiketi ya mlangoni ndiko kunakokataliwa.

Hapo hapo nilijibie jando, maana historia ya kwenu ina la kusema. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakapanda kwa miguu hadi Masasi, wakabaki hapo. Kanisa lililoanzia kwa watu hao lilijikuta katikati ya Wayao, Wamakua na Wamakonde, watu ambao jando na unyago ndiyo shule yao ya utu uzima. Wamisionari wengi waliona njia ni moja tu, kupiga marufuku. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926, hakwenda njia hiyo. Aliliingiza jando chini ya uangalizi wa Kanisa: wavulana wakakaa kambini na waalimu Wakristo, sala zikaingia mahali pa matambiko, mafundisho yaliyogongana na Injili yakaachwa, mengine yakabaki. Si wamisionari wote waliokubaliana naye, na upande wa unyago kazi ilikuwa ngumu zaidi. Hata mimi sioni kwamba kila alichopitisha kilistahili. Lakini hakuchukua kila kitu kizima wala hakutupa kila kitu, alichambua. Babu yako, kama ni wa umri ninaoukisia, huenda alitahiriwa kwenye kambi ya namna hiyo na bado akafundisha katekisimu maisha yake yote.

Kwa hiyo jando la mpwa wako halina ushetani kwa sababu tu linaitwa jando. Uliza mambo mengine: anafundishwa nini kule, hasa kuhusu wanawake? Anayekata ni nani, na ana vifaa safi? Wembe mmoja kwa watoto wote usikubali hata wajomba wakasirike. Na je, ni wakati wa likizo au anakosa shule? Hayo ndiyo ya kugombea.

Turudi kwenye cha lazima chenyewe. Paulo anakifupisha katika Warumi 10:9: kumkiri Yesu kwa kinywa kuwa ni Bwana, na kuamini moyoni kwamba Mungu alimfufua katika wafu. Kanisa likakipanua kidogo tu katika Imani ya Mitume, na katika ile ya Nikea mnayoisema kwenye Misa, iliyoanza kwenye mtaguso wa mwaka 325 na kukamilishwa Konstantinopoli mwaka 381. Umeisema tangu utotoni, nadhani midomo yako inajiendea yenyewe. Nakuomba uichukue siku moja uisome kama unavyosoma mkataba wa nyumba ya kupanga, ukitazama kilichomo na kisichomo.

Kilichomo ni kidogo. Mungu mmoja, Muumba. Yesu Kristo, Mwana wake, aliyezaliwa na Bikira Maria, akateswa mamlakani mwa Pontio Pilato, akasulibiwa, akafa, akazikwa, akafufuka, na atakuja kuhukumu. Roho Mtakatifu. Kanisa moja, ubatizo, ondoleo la dhambi, ufufuo wa wafu. Ukimwacha Yesu mwenyewe, binadamu waliotajwa kwa majina ni wawili tu, mama aliyemzaa na mtawala aliyemuua. Pilato yumo ili usidhani hii ni hadithi ya hapo zamani za kale: alikuwa liwali wa Kirumi wa Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, na mwaka 1961 wachimbaji wa mambo ya kale walipata jiwe lenye jina lake katika mji wa Kaisaria.

Kisichomo ndicho kinachonifurahisha zaidi. Hakuna idadi ya siku za uumbaji wala umri wa dunia. Hakuna safina. Hakuna lugha, zaka, mbegu, suruali kwa wanawake, mawigi, ngoma, bia wala kitimoto. Hata namna gani kifo cha Yesu kinatuokoa haikuelezwa. Imani ya Nikea inasema alisulibiwa kwa ajili yetu, inaishia hapo. Wanateolojia wametoa maelezo mengi kwa karne nyingi, wengine wanasema ni fidia, wengine ni ushindi juu ya mauti, wengine ni kulipa deni tulilodaiwa, na hakuna hata mmoja wa mitaguso ile mikubwa ya mwanzo uliochagua moja na kuwalazimisha watu wote. Mhubiri akikuambia bila maelezo yake wewe si Mkristo, amekwenda mbele kuliko mababa wa Nikea.

Wakatoliki nao, kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1964, waliandika kwamba kweli za imani zina ngazi zake, kwa kadiri zinavyohusiana na msingi. Na Bwana mwenyewe aliwakemea watu waliotoa zaka ya mnanaa na bizari na kuacha mambo makuu ya sheria, "yaani, adili, na rehema, na imani." Kuna pia ule usemi unaopendwa, kwamba katika ya lazima tuwe na umoja, katika yasiyo ya lazima uhuru, na katika yote upendo. Utasikia ni wa Augustino, yule mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale. Si wake, ulitokea karne ya 17 wakati Wakristo wa Ulaya wakichinjana kwa ajili ya dini, na nadhani ndiyo maana ulihitajika.

Siku sita zisikukoseshe usingizi. Origene wa Aleksandria, mwanateolojia wa karne ya tatu, aliuliza ni mtu gani mwenye akili atakayedhani kwamba siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi za kawaida wakati jua, mwezi na nyota havijakuwepo. Mapema karne ya tano Augustino aliwaonya Wakristo wasizungumze upuuzi kuhusu nyota na dunia mbele ya watu wanaozijua, wakaifanya Biblia ichekwe. Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe, alikuwa bado hajazaliwa kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu, kwa hiyo hawakuwa wakikimbia sayansi. Walikuwa wanasoma tu kwa makini. Nuhu msome kwa macho hayo hayo, uulize simulizi inasema nini juu ya Mungu na uovu wa binadamu kabla ya kupima mbao.

Hapa sasa nakugeuzia upande wa pili, maana najua kuna watakaokuambia: achana na mafundisho, amini tu kwamba Mungu ni upendo, uwe mtu mwema, inatosha. Sikubaliani nao. Majirani zako ni watu wema na si Wakristo, na hawajifichi. Wema peke yake hauleti tofauti hiyo. Ukristo unasema jambo kubwa na la ajabu juu ya mtu mmoja aliyekufa kifo cha aibu, na kama jambo hilo si kweli Paulo mwenyewe anatuambia tufunge virago: "kama Kristo hakufufuka, basi, kuhubiri kwetu ni bure, tena na imani yenu ni bure." Kwa hiyo katika orodha yako yote, ufufuko ndio unaostahili kukukosesha usingizi. Mengine umebabuka mikono bure kwa mafuta ya ganda la korosho.

Tuangalie tulicho nacho. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho uliandikwa kati ya mwaka 53 na 55 hivi, miaka ishirini na kitu baada ya kusulibiwa. Katika sura ya 15 Paulo anasema anawapa kile ambacho yeye mwenyewe alikipokea, yaani kilikuwapo kabla yake: kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale kumi na wawili, kisha ndugu zaidi ya mia tano ambao wengi wao walikuwa bado hai. Anamtaja Yakobo, ndugu ya Bwana, na Injili ya Yohana imeshatuambia kwamba ndugu zake hawakumwamini alipokuwa hai. Mwisho anajitaja mwenyewe, mtu aliyekuwa anawawinda Wakristo. Unaweza kusema wafuasi waliompenda waliona walichotamani kuona. Kwa Paulo maelezo hayo ni magumu kidogo, yeye alitamani kinyume chake.

Halafu kuna wanawake. Injili zote nne zinasema wa kwanza kukuta kaburi wazi walikuwa wanawake, na Luka hafichi kwamba mitume waliona maneno yao "kuwa kama upuuzi". Katika jamii ile ushahidi wa mwanamke haukupewa uzito wa ushahidi wa mwanamume. Mtu anayetunga habari ili aaminiwe asingeanza na mashahidi hao.

Nikikuachia hapo nitakuwa nimekupa nusu. Injili hizo hizo zinatofautiana walikuwa wanawake wangapi, na kama aliwatokea Galilaya, Yerusalemu au kote kuwili. Msulubisho una ushahidi hata nje ya Biblia, Tacitus, mwanahistoria Mrumi, anautaja mwanzoni mwa karne ya pili akimtaja na Pilato. Ufufuko haupo katika hali hiyo. Wapo wanahistoria makini wanaosema wanafunzi waliona maono tu, na siwezi kuwanyamazisha kwa mstari mmoja. Mimi nimepima nikaamini. Wewe pima bila haraka, na utofautishe mambo mawili ambayo umeyaandika kana kwamba ni moja: kutokuwa na uhakika, na kukataa. Katika barua yako yote sikuona mahali uliposema hakufufuka. Ulisema unaogopa kwamba huenda hakufufuka. Mtu haogopi kupoteza kitu ambacho ameshakitupa.

Kuhusu Utatu, majirani wakikuuliza usijaribu mifano ya yai wala maji na barafu, itakuangusha. Waambie tunamwabudu Mungu mmoja, si watatu. Wanafunzi wa kwanza walikuwa Wayahudi waliosali kila siku kwamba Bwana ni mmoja, na hawakuliacha hilo, ila walijikuta wanamwabudu Yesu. Kufikia mwaka 112 hivi liwali Mrumi aitwaye Plinio anamwandikia kaisari kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko kumwimbia Kristo kama Mungu. Kanisa lilihangaika karne kadhaa kutafuta namna ya kusema yote mawili bila kuvunja mojawapo. Wewe hulazimiki kumaliza kwa dakika tano barazani kilichowachukua wao miaka yote hiyo. Majirani zako nao wana lao, Kurani haikubali kwamba Isa alisulibiwa, na hapo tunatofautiana kweli. Mwaweza kutofautiana na bado mkapelekeana futari na pilau la Krismasi kama watu wa Mtwara walivyozoea.

Komunyo: ndiyo, pokea. Mathayo 28 anasimulia kwamba wale kumi na mmoja walipomwona Yesu mlimani walimsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka." Wanasujudu na wanaona shaka, na hakumfukuza hata mmoja, aliwatuma wote. Waraka wa Yuda nao unaagiza, "Wahurumieni wengine walio na shaka." Ukifika kwenye mstari wa Imani ambao Jumapili hiyo haukupandi, nyamaza, waache waumini wenzako wauseme, Jumapili nyingine ujaribu tena. Imani ile inasemwa na kusanyiko zima, si mtihani wako peke yako.

Kamwone padre wako, ila usiende Jumapili baada ya Misa wakati wazee wa kanisa na wachumba wanamsubiri mlangoni. Nenda siku ya kazi jioni, mpe habari yote kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na ile ya fedha.

Na ile nadhiri ya laki mbili usilipe. Mafundisho ya Kanisa tangu zamani ni kwamba nadhiri iliyotolewa kwa kudanganywa au kwa hofu kubwa haimfungi mtu, na wewe ulikuwa na vyote viwili. Wakikupigia simu kukukumbusha laana, sema umeshauriwa usilipe, ukate. Fedha hiyo kama ipo itume kwa mama, akapunguze deni la hospitali.